Basari ya mtaa kwa anayesoma jenetiki: apewe au anyimwe?

Karani wa Langoni
Assalaam aleikum jamaa. Kamati yetu ya basari imekwama. Binti mmoja wa hapa Amu, Lamu, ameitwa chuo kikuu kusomea jenetiki, elimu ya urithi wa viumbe, shahada ya kwanza, miaka minne. Nusu ya wanakamati wanasema hizo hela kidogo ziende kwa wanaosomea uuguzi, ualimu na ubaharia, maana hao watapata kazi papa hapa. Nusu wanasema mtoto kapasi, asaidiwe. Mwaonaje? Tafadhali tusitajane watu.

Nahodha Mstaafu
Anyimwe. Muyi huu una maabara gani ya jenetiki? Zahanati zalilia wauguzi, nyinyi mwampeleka mtoto bara akahesabu njegere za mtawa wa Kizungu. Akirudi atamhesabia nani?

Mwalimu wa Baiolojia
Njegere hizo, Nahodha, ndizo Mendel, mtawa wako huyo, alizojifunzia urithi; aliziandika 1866 na watu wakazipuuza mpaka 1900. Hukuwa wa kwanza kuzicheka.

Niende kwenye letu. Selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, iko Pwani hii tangu zamani. Daktari Allison, aliyekulia Kenya hii hii, aligundua 1949 kwamba wenye chembe hiyo ni wengi Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, bara kwenye baridi ni wachache. Mwaka 1954 akaonyesha sababu: anayerithi jeni moja tu huwa na kinga dhidi ya malaria kali, anayerithi mbili ndiye mgonjwa. Mume na mke wakiwa nayo mojamoja, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Nina mwanafunzi wa namna hiyo. Ikivuma kusi huja na sweta saa sita mchana, macho ya njano, na siku vidole vikimuuma hawezi kushika kalamu. Wazazi wake walioana bila yeyote kuwaambia wapime damu. Nani awaambie kama hatusomeshi wa kuwaambia?

Nahodha Mstaafu
Muuguzi awaambie. Ndiyo nilivyosema.

Nauza Simu Malindi
Naomba niseme kama niliyepita huko. Nimesoma kozi ya jamaa hiyo. Mwaka wa tatu mzima ni pipeti mkononi: unatia tone lisiloonekana kwenye kichupa, unakipeleka kwenye mashine ya PCR, ya kunakili vinasaba, inapandisha joto hadi 95, inashusha, inapandisha tena, hivyo hivyo mara thelathini na kitu, nawe umekaa wangoja. Raha yake ipo, sikatai.

Ila hakuna aliyeniambia hili kabla sijajaza fomu: kwa shahada ya jenetiki tupu huwezi kuweka sahihi kwenye majibu ya maabara ya hospitali. Bodi ya wanamaabara wa tiba husajili waliosomea maabara ya tiba. Kwa hiyo hospitali hazitakuajiri, na utafiti unataka uwe na uzamili kwanza. Sasa niko hapa nabadilisha vioo vya simu, na HELB, wale wa mikopo ya masomo, wananikumbuka kila mwezi kuliko mchumba wangu. Mpeni hela, lakini mwambieni ukweli.

Mkulima wa Hindi
Sisi wa pamba huku mji wa Hindi hatuhesabiwi? Tuliletewa hii ya Bt, mbegu yatoka India. Wanasema imetiwa jeni ya bakteria, funza wa vitumba akila anakufa. Na kweli funza wamepungua. Ila vidukari na inzi weupe wako pale pale, napiga dawa vile vile. Nikiuliza kwa nini, kila mtu ananitazama. Tena naomba kujua: mbegu niliyoweka msimu huu, mwakani itaota sawa?

Bint Mkomani
Mimi nasema apewe, na sababu yangu siyo pamba wala hospitali. Mnakumbuka ile habari ya 2023? Mifupa ya makaburi ya Manda na Faza, na Mtwapa, na kule Kilwa, ilipimwa vinasaba Harvard, jarida la Nature likaandika. Wahenga wetu tukasomewa kutoka Marekani. Na kilichosomwa ni hiki: upande wa baba kuna Uajemi mwingi, upande wa mama karibu wote ni Afrika, na kuchanganyika kulianza kama mwaka 1000. Basi wale wazee wenye silsila ndefu kwenye fremu ukutani na watuletee na ya mama zao, tuone.

Nahodha Mstaafu
Hapo umenigusa, na najua umekusudia. Silsila yangu haikungoja mate ya maiti. Imeandikwa na watu waliojua kusoma wakati huko Harvard ni pori.

Bint Mkomani
Sikukutaja. Umejitokeza mwenyewe.

Mtu wa Siyu
Kama ni vinasaba, sisi tumetangulia. Wachina walikuja wakapima, binti wa kwetu akapewa nafasi ya masomo China 2005. Mabaharia wa Zheng He hao, yule amiri wa meli za China, jahazi lao lilivunjika karibu na Shanga karne ya 15. Wenye Uajemi wenu kaeni upande.

Mwalimu wa Baiolojia
Ndugu yangu wa Siyu, pimo la mtu mmoja halithibitishi jahazi. Hata hiyo ya 2023 isomwe kwa utulivu. Ni watu 80 kama sikosei, wa kati ya 1250 na 1800, wengi wamezikwa mahali pa wenye nafasi zao. Wavuvi na watumwa ni wachache humo. Haijasema Mswahili wa leo ni nani. Na baada ya 1500 hivi, damu ya kigeni iliyoingia ilikuwa zaidi ya Arabuni kuliko ya Uajemi.

Mtu wa Siyu
Kwa hiyo la Waajemi ni sayansi, la Wachina ni hadithi. Tumeelewa.

Mbajuni wa Faza
Nyinyi mwacheka, mimi nimekaa na hofu. Kitambulisho nilikipata nikiwa na miaka ishirini na minne, baada ya kuulizwa cheti cha babu aliyezaliwa kisiwani kabla ya ofisi yoyote kufunguliwa. Sasa mwatangaza hadharani kwamba wazee wetu ni Waajemi. Kesho karani wa dirishani aniambie basi kachukue pasipoti huko Iran. Keshokutwa atataka na mate. Mnajua mkilifungua hilo nani atalifunga?

Bint Mkomani
Lakini majibu yenyewe yanakutetea, kaka. Upande wa mama umekuwa hapa tangu na tangu. Lugha ya mama, chungu cha mama, nyumba ya mama. Baba alikuja na upepo akakuta watu.

Nahodha Mstaafu
"Alikuja na upepo." Mwamsema babangu kama dhow iliyokosa bandari. Nyanyangu alikuwa Mpokomo, muyi mzima wayuwa, nani amekana?

Bint Mkomani
Jina lake limo kwenye hiyo fremu?

Karani wa Langoni
Jamaa, swali lilikuwa basari. Na wanakamati watatu wamo humu, nawaona, wamenyamaza kimya.

Mbajuni wa Faza
Karani, usitukatize, hili ndilo lenyewe. Yale yaliyotolewa kwenye ile mifupa yamewekwa wapi, na nani anaruhusiwa kuyafungua tena? Huyo binti wenu akisoma, atakuwa wa kwetu au atakuwa wa kuwashikia chupa?

Nauza Simu Malindi
Atakuwa wa atakayemlipa. Nasema kwa uzoefu. Wenye maabara kubwa ndio wenye mikataba. Lakini aliyesoma angalau anajua swali la kuuliza kabla ya kutia sahihi, maana fomu zile za idhini ndefu, na ukurasa wenye mambo ndio ule wa nyuma.

Mbajuni wa Faza
Hilo nalikubali nusu.

Mkulima wa Hindi
Mbegu jamani.

Nauza Simu Malindi
Usiipande, mzee wangu. Hiyo ni chotara. Kizazi cha pili hakifanani: mmoja mrefu, mmoja mfupi, na baadhi ya miche itakosa ile jeni kabisa, funza wataijua kabla yako. Na vidukari hawafi kwa sababu sumu ile ni ya jamii ya viwavi tu, mdudu mwingine haimdhuru. Nipigie picha majani upande wa chini, unitumie.

Mkulima wa Hindi
Miaka yote nimeuliza, huu ndio mwaka nimejibiwa. Ushauri wako wauzaje?

Nahodha Mstaafu
Haya, shahada na mkopo, leo kapata mteja wa kwanza.

Bint Mkomani
Na jina la Mpokomo naona bado latafutiwa wino.