Dada yangu anapigwa. Ukweni wanasema ni mila, nyumbani wanasema avumilie. Nianzie wapi?

Kitinda Mimba

Habari zenu wapendwa. Naomba ushauri, na naomba sana msiwatukane wazazi wangu, nawapenda.

Dada yangu ninayemfuata ameolewa na mtu wa kabila jingine, mbali na kwetu. Miaka ya mwanzo tulisikia ni makofi ya hapa na pale. Wakwe zake wakatuambia kwao mke "huonywa" na mumewe, na kwamba hata mama mkwe alionywa na leo ana wajukuu. Mama yetu naye, kila dada akipiga simu analia, humjibu kwamba binti wa nyumba hii akishaolewa harudi, ndoa ni kuvumiliana. Kwa hiyo amebanwa huku na huku. Kule mila inamruhusu mume kumpiga, huku mila inatukataza kumpokea.

Juzi tukaongea kwa video. Alikuwa amejizungushia mtandio shingoni na joto lote lile, sauti imemkauka. Nikamwomba asogee dirishani. Kwenye weupe wa macho kulikuwa na vidoa vidogo vyekundu. Akasema aliteleza bafuni. Nikamuuliza, kuteleza gani huko kunakokausha sauti? Akakata simu.

Wazee wa pande zote mbili wanapanga kikao cha usuluhishi mwisho wa mwezi. Nina maswali mawili. Hivi kuna jamii yoyote duniani iliyoliweza jambo hili, au ndivyo wanaume walivyo kila mahali na sisi tunalia bure? Na mimi mdogo mtu, nisiye na sauti kwenye kikao, nianzie wapi?

Mtu wa Watu

Pole dada. Ila ukweli ni kwamba ya mume na mke hayaingiliwi. Leo utamtetea, kesho watapatana, na adui utabaki wewe. Acha wazee wafanye kazi yao.

Nesi wa Zamu

Mtu wa Watu, nakuheshimu, lakini kwa hali hii ushauri huo unaweza kugharimu maisha ya mtu.

Kitinda Mimba, anza na hili kabla ya mengine yote. Mtandio shingoni, sauti iliyokauka, vidoa vyekundu machoni: kwa dalili hizo, dada yako amekabwa. Vile vidoa hutokea shingo inapobanwa mpaka damu inashindwa kurudi kutoka kichwani, na vishipa vidogo vinapasuka. Wengi waliokabwa hawana hata mchubuko shingoni, ndiyo maana watu hudharau. Aende hospitali leo, hata akisema ameshapona. Koo linaweza kuvimba saa kadhaa baadaye. Mshipa mkubwa wa shingoni ukichanika kwa ndani unaweza kumletea kiharusi siku zinazofuata. Akipumua kwa shida, akishindwa kumeza, akipata maumivu makali ya kichwa au kuchanganyikiwa, hiyo ni dharura ya saa hiyohiyo. Kama ana mimba aseme. Na amwambie daktari "nilikabwa", si "niliteleza", kisha aombe liandikwe hivyo hivyo kwenye faili lake.

Kuna jambo jingine, na naliandika nikijua litakutisha. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulionyesha kuwa mwanamke ambaye mwenzi wake amewahi kumkaba yuko kwenye hatari zaidi ya mara saba ya kuja kuuawa na mtu huyohuyo. Kofi ni ukatili, lakini kukaba ni daraja jingine kabisa. Msisubiri mwisho wa mwezi.

Msoma Mengi

Mimi nijibu swali la kwanza, maana watu hulirukia, na kumbe ndilo wanalofungwa nalo mdomo wote wanaotaka kusaidia.

Hapana, si kila mahali. Mwaka 1989 mtafiti David Levinson alichapisha uchambuzi wa jamii 90 kutoka pande zote za dunia. Nyingi zilikuwa na kupiga wake, hilo halifichiki. Lakini katika jamii 16 ukatili ndani ya familia haukuwepo au ulikuwa nadra mno. Alipotafuta zinafanana nini, akakuta mke ana mali anayoisimamia mwenyewe, mume na mke wanaamua mambo pamoja, mke anaweza kuvunja ndoa kwa wepesi uleule wa mume, wanaume wanamaliza ugomvi baina yao bila ngumi, na ugomvi ukizuka ndani, majirani wanaingia papo hapo. Hilo la mwisho, Mtu wa Watu, naomba ulisome mara mbili.

Halafu kuna Waigbo wa Nigeria. Enzi za mababu, mwanaume akimtesa mkewe, wanawake wa kijiji walijikusanya wakaenda kwake. Walicheza na kuimba uani nyimbo za kumtajia maovu yake, wakagonga kuta kwa michi ya kutwangia, na akijitia ugumu waliweza hata kuibomoa nyumba. Hawakuondoka mpaka akiri na aahidi kubadilika. Wanaume wenzake hawakutoka kumtetea. Njia hiyohiyo wanawake wa Kiigbo waliitumia mwaka 1929 walipowakabili machifu waliowekwa na Waingereza. Na huko Uingereza kwenyewe, karne ya 19, majirani walikuwa wakikusanyika usiku mlangoni kwa mpiga mke na kupiga masufuria na kupuliza pembe mpaka kila mtu ajue kinachoendelea humo ndani.

Sisemi turudie yote hayo. Kelele hizo ziliwahi kuwaangukia pia wanawake walioonekana kuwatawala waume zao, na mwanaume mwingine akiaibishwa hadharani huhamishia kipigo mahali pasipoonekana. Lakini mtu akikuambia mila yetu inaruhusu, ujue kuna mila nyingine aliyoiacha, na amechagua ile inayomfaa.

Na wala usidhani usasa peke yake ni dawa. Mwaka 2017 Urusi iliondoa kwenye makosa ya jinai kipigo cha mara ya kwanza ndani ya familia kama hakikuleta jeraha kubwa, kikawa cha faini au mahabusu ya siku chache. Nchi ina mahakama, ina polisi, na bado imerudi nyuma.

Mama Aliyetoka

Vikao navijua, nimekaa ndani yake. Mnawekwa chumba kimoja, yeye amekaa karibu yako kiasi kwamba unasikia anavyopumua, kisha mzee anakugeukia: "Haya mama, ulimkosea nini mwenzio?" Ukisema yote, usiku unalipia. Ukinyamaza, wanasema kumbe hakuna tatizo kubwa.

Mwisho walimtoza faini. Akaipokea kwa unyenyekevu, wazee wakamsifu kwa kukubali kosa. Tulipofika nyumbani akafungua sanduku la nguo za watoto, akachukua akiba niliyokuwa nimeificha humo, akaenda kuilipa. Faini ya kupigwa kwangu nilitoa mimi.

Kilichonitoa ni jirani mmoja. Hakunisema, hakuniuliza kwa nini sijaondoka. Kila tukikutana aliniambia tu, "Usiku wowote, mlango huu gonga." Usiku nilipogonga alifungua.

Kitinda Mimba, usimlazimishe dada akiri. Mtumie ujumbe usio na hatari hata mume akiusoma, umwambie umemkumbuka na upo. Akipokea simu, mwambie unamwamini. Usimpe masharti ya "usipoondoka basi usinipigie tena". Wengi huondoka na kurudi mara kadhaa kabla ya kutoka moja kwa moja, na kila akirudi anatakiwa akukute ulipokuwa.

Wakili wa Familia

Hukutaja nchi, na ni vizuri usiitaje hapa. Basi niseme yanayofaa popote, kwa mifano.

Usuluhishi ni wa watu wawili wenye nguvu sawa. Mmoja akiwa anamwogopa mwenzake, kinachoitwa makubaliano ni woga uliotiwa sahihi. Kinachomfaa dada yako ni amri ya ulinzi, yaani mahakama kumkataza mume kumsogelea nyumbani, kazini au shuleni kwa watoto, na akikiuka anakamatwa. Nchi nyingi zinayo sasa. Kenya ilitunga sheria yake mwaka 2015. India, kwa sheria ya 2005, inaruhusu mtu mwingine kuomba kwa niaba ya anayeteswa, na inampa mke haki ya kubaki kwenye nyumba ya ndoa hata kama si mali yake. Austria tangu 1997 polisi wanaweza kumtoa mpigaji papo hapo, mama na watoto wakabaki. Hili la Austria nalipenda sana, kwa sababu mahali pengi bado anayepigwa ndiye anayefungasha.

Kwa wanaotaja mila ya Kiafrika: Itifaki ya Maputo ya mwaka 2003, ambayo ni ya Waafrika wenyewe, inazitaka serikali zipige marufuku ukatili dhidi ya wanawake uwe wa faragha au wa hadharani. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Zaidi ya nusu karne, na bado mabinti wanaambiwa mume anaruhusiwa.

Sheria hizi hazikushuka zenyewe. Brazil, mwaka 1983, Maria da Penha alipigwa risasi na mumewe akiwa usingizini, akapooza miguu. Kesi ikazungushwa karibu miaka 20 mpaka chombo cha haki za binadamu cha nchi za Amerika kilipoikemea Brazil mwaka 2001. Sheria ya 2006 ya nchi ile inaitwa kwa jina lake. Nataja hili kwa sababu faili la hospitali alilolisema Nesi ndilo litakalofupisha miaka hiyo kwa dada yako. Picha za majeraha na ujumbe wa vitisho vitunzwe kwako wewe, visibaki kwenye simu yake.

Kitinda Mimba

Mungu awabariki. Amekwenda hospitali, rafiki yake wa kazini alimsindikiza. Amekiri kwamba alikabwa, na si mara moja. Daktari ameandika.

Sasa mjomba anasema akiondoka tutadaiwa mahari, na baba hana cha kurudisha. Baba amenyamaza tu.

Wakili wa Familia

Mahari isiwe kamba. Mahakama ya Juu ya Uganda mwaka 2015 iliamua kwamba kudai mahari irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha katiba, kwa sababu humfunga mwanamke kwenye ndoa inayomtesa. Hata mahali ambapo familia bado hudaiana, deni hujadiliwa baadaye. Shingo haisubiri.

Baba wa Mabinti

Mwanangu, nadhani mimi ni rika la baba yako. Kunyamaza kwake usikuchukulie kuwa amekataa. Mzee akiulizwa mbele ya shemeji na ndugu atajibu kama desturi inavyomtaka. Mfuate akiwa peke yake, asubuhi, msomee alichoandika daktari, tena polepole. Kisha mwombe jambo moja: ampigie binti yake kwa kinywa chake, amwambie nyumba hii bado ni yake. Ukilisema wewe au mama yako halina uzito uleule, maana baba ndiye aliyempokea mkwe na ndiye anayeogopwa kuaibishwa.

Na kikao msikivunje, kibadilisheni ajenda. Dada yako asihudhurie. Wazee wakae wajue nani atasimama naye, vitu vyake vitatoka vipi, na nani kati yao atampa mume taarifa dada yako akiwa mbali tayari. Hiyo ni kazi ya wazee kweli. Mtu wa Watu, hapo ndipo penye nafasi yetu wanaume.

Mtu wa Watu

Nimekuelewa mzee wangu. La kukaba sikulijua. Dada, asisubiri.

Mama Aliyetoka

Basi sikilizeni, siku za kuondoka ndizo za hatari kuliko zote. Asiage, asitishie, asiandike kokote. Aondoke mume akiwa kazini. Vitambulisho, vyeti vya watoto, kadi za kliniki na fedha kidogo vitangulie kwa yule rafiki, kimoja kimoja, visionekane kupungua. Simu izimwe ile huduma inayoonyesha alipo, na simu za watoto pia. Mkubaliane neno la kawaida ambalo akilitamka mbele ya mumewe wewe utaelewa kwamba uite msaada. Na asije moja kwa moja kwa wazazi, huko ndiko atakakotafutwa kwanza.

Kitinda Mimba

Baba amempigia. Sikusikia alichosema, alitoka nje na simu. Aliporudi akamwambia mama aandae kile chumba, mama akalia lakini hakubisha. Wiki za kwanza atakaa kwingine kama mlivyosema. Dada ameuliza jambo moja tu: akiwaacha watoto hata siku mbili ili atoke salama, atawapoteza?

Wakili wa Familia

Asiwaache, kama kuna njia yoyote. Mahakama karibu kila mahali hutazama kwanza maslahi ya mtoto, na huwa nzito kuwahamisha watoto waliokwisha kutulia na mzazi mmoja, kwa hiyo siku mbili zinaweza kugeuka miezi. Atoke nao, na siku hizohizo afungue maombi ya ulinzi na ya malezi kwa pamoja, mume asije akamtangulia kudai wameibwa. Mwalimu mkuu apewe nakala ya amri mara tu ikitoka. Na kama safari ya kwenda alikopangiwa inavuka mpaka wa nchi, asivuke na watoto kabla hajaonana na wakili wa huko aliko sasa. Nitumie ujumbe wa faragha, nikuelekeze namna ya kumpata wa msaada wa bure.