Mwanangu wa miaka 17 anasoma Biblia ya Kishetani ila anasema shetani hayupo, nifanyeje jamani

MamaWawili:
Habarini wakubwa kwa wadogo. Naombeni ushauri na tafadhali tusitukanane, leo siku ya tatu sijalala vizuri.

Niko Massachusetts mwaka wa tisa sasa, kazi yangu kulea wazee majumbani, naingia usiku natoka asubuhi. Wiki iliyopita nimerudi nikasema nimbadilishie kijana mashuka, nanyanyua mto nakuta kitabu, jalada jeusi, nyota imepinduliwa na ndani yake kichwa cha mbuzi. Nilikaa pale pale kitandani na viatu vya kazini sijavua. Kurasa nyingi kapigia mistari kwa penseli.

Jioni nikamuuliza, hakuficha. Akasema mama hicho kimetoka 1969, kaandika jamaa anaitwa Anton LaVey ambaye ndo alianzisha Kanisa la Shetani kule San Francisco mwaka 1966, na humo hakuna anayeabudiwa, shetani kwao ni alama tu ya mtu aliyekataa kupigishwa magoti, kila mtu ni mungu wa nafsi yake, ndo maana sikukuu yao kubwa kuliko zote ni siku yako mwenyewe ya kuzaliwa. Nikamwambia kama hayupo kwa nini mjiite kwa jina lake? Akasema mama mimi sijajiunga popote, nasoma.

Kosa langu nikamhadithia dada mmoja tunayesali naye. Kesho yake habari iko kwetu Marangu, Tanzania. Mama kanipigia analia, Frimasoni wamemchukua mjukuu wangu, mrudishe Desemba aombewe, na kufunga wameshaanza.

Mtoto mwenyewe hanywi havuti, shule anafaulu, mdogo wake anamlisha na kumlaza mimi nikiwa kazini. Ila tukiombea chakula siku hizi hafumbi macho. Nikichome hicho kitabu? Nimrudishe?

Kipanga75:
Pole sana dada. Usichome, ukichoma anasoma kwenye simu na wewe hutajua tena.

Mwambie na bibi kwamba Frimasoni ni kitu kingine kabisa, wale lodji yao kuu ya London ni ya 1717 na ukitaka kuingia lazima ukiri unaamini Mungu, sasa LaVey hakuamini Mungu wala shetani kama kiumbe. Kwenye kanuni 11 za kundi lake kuna inayokataza kudhuru watoto na nyingine inakataza kuua mnyama labda akushambulie au iwe chakula, kwa hiyo zile hadithi za kafara haziwahusu. Na hapo kwenu Massachusetts kuna kundi jingine, The Satanic Temple, limeanza 2013, makao yao mji wa Salem, hao nao hawaamini shetani yupo, kanuni yao ya kwanza kati ya 7 ni huruma kwa viumbe, kazi kubwa wanayojulikana nayo ni kupeleka serikali mahakamani ikipendelea dini moja. Hayo makundi mawili wala hayapatani, kila moja linasema lenzake siyo la kweli. Muulize kijana anavutwa na lipi maana tofauti ni kubwa.

Mtumishi wa Kiambaza:
Dada yangu mimi ni mlokole na sitakuficha, hilo jina siyo la kuchezea. Mtu akisema ni alama tu, alama nayo inamlea anayeibeba. Ila kumrudisha kwa nguvu sikushauri. Mtoto aliyeombewa huku kashikwa mikono na miguu anabaki anaogopa watu, Mungu hamjui. Kaa naye, soma naye, na wewe msomee chako.

Wanja wa Nakuru:
Hapo kwa kuombewa kwa nguvu naongezea. Sisi Kenya tuliipitia hii, mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume nzima ya kuchunguza ibada za shetani, ikaongozwa na askofu mkuu, ripoti ikafika bungeni 1999. Miaka hiyo nilikuwa sekondari na msichana wa bweni letu alikuwa na kifafa. Akianguka tunakimbia, tunasema ametumwa. Alikaa wiki mbili analala pekee yake upande mmoja wa bweni hadi babake akaja kumchukua na sanduku lake, hakurudi. Mpaka leo naona vile alikuwa anakunja blanketi. Hata hapo Marekani kuna kesi ya shule ya chekechea ya McMartin, California, walimu walishtakiwa na watu wakaamini watoto wanafanyiwa mambo ya kishetani, kesi ikaisha 1990 bila hata mmoja kupatikana na hatia. Mama, usikubali kijana wako akuwe kesi ya kijiji.

Nesi_Mstaafu:
Wengi mnamtuliza mama kwamba hakuna kafara, sawa, lakini kitabu nilishakisoma na kina ubaya wake ulio wazi bila shetani yeyote. Kinasema fadhili wapewe wanaostahili, upendo usipotezwe kwa wasio na shukrani, na ukipigwa lipiza. Ni falsafa ya mtu mwenye nguvu. Sasa dada wewe unalea wazee, nusu yao hata hawakumbuki jina lako. Mpeleke hapo kijana. Muulize yule asiyeweza kushukuru nimfanyeje.

MamaWawili:
Nimerudi. Asanteni wote, Mtumishi na wewe asante, umeongea kwa upendo.

Nimemuuliza jana. Nikamwambia kuna bibi ninayemhudumia ananitukana kila usiku nikimgeuza kitandani, hanitambui, kwa kitabu chako nimwache alale kwenye mkojo? Alinyamaza muda mrefu, akaenda chumbani akarudi nacho, akafungua ukurasa wa mwanzo pale penye kauli zao 9. Kwenye hiyo ya fadhili hakupiga mstari, kaweka alama ya kuulizia kwa penseli, imefifia, ni ya siku nyingi. Akasema hapo mama hata mimi nilikataa. Ila ile ya kutokujidanganya akasema anaishika, na kufumba macho wakati hasali ni kujidanganya.

Tumekubaliana atakaa mezani macho wazi na kimya. Jumapili tunampigia bibi pamoja, atamweleza mwenyewe kwa Kichaga chake kilichovunjika. Tiketi ya Desemba sikati.