Malori yapite Mikumi usiku, au yasubiri alfajiri?

Wakuu, naomba tuijadili barabara ya T1, ile kuu ya Dar hadi Tunduma mpakani mwa Zambia, kwa utulivu. Kipande chake cha kilomita 50 kinakata katikati ya Hifadhi ya Mikumi, na kila mnyama anapogongwa tunarudi palepale: wengine wanataka barabara ihamishwe, wengine wanasema wanyama wameshaizoea. Mimi nasema usiku kifungwe kwa malori.

Nilikuwa utingo wa semi, Dar hadi Tunduma. Usiku mmoja tumeshaipita Doma, kijiji cha kabla ya hifadhi ukitokea Morogoro, gari iliyotutangulia ikamgonga swala jike na haikusimama. Taa zetu zilipomulika tukamwona mtoto wake pembeni ya lami, masikio juu, ameganda. Dereva wangu, mzee asiye na maneno mengi, akashusha gia mpaka tukampita kwa mwendo wa miguu. Nilimwona pua inavyotetemeka. Mpaka leo nikipita pale namtafuta kwa macho.

Wanaouliza nani aliruhusu barabara ndani ya hifadhi wakumbuke hali ilivyokuwa. Mikumi ilitangazwa kuwa hifadhi 1964. Novemba 1965 Ian Smith, kiongozi wa serikali ya walowezi, akajitangazia uhuru kule Rhodesia (Zimbabwe ya leo), na Zambia, isiyo na bahari na iliyopitisha mizigo yake huko, ikabanwa upande wa kusini. Mafuta ya kwenda na shaba ya kurudi vikahamia huku kwetu, kwenye barabara ya vumbi iliyogeuka tope kila masika, malori yakipinduka hadi ikapachikwa jina la njia ya jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA likaja 1968, lami ikafuata, kisha reli ya TAZARA kutoka Dar hadi Zambia. Tulimfungulia jirani mlango, na mimi najivunia hilo.

Lakini malori ya leo si ya wakati ule, na tangu 2023 mabasi nayo yanasafiri usiku kucha. Matuta yapo, mabango ya faini yapo, na swala bado wanakufa.

Kuihamisha? Ukizungukia Dumila na Kilosa unatokea Mikumi mjini, sawa, ila safari inarefuka sana, na dizeli analipa mwenye mzigo, mwishowe mlaji.

Hoja inayonisumbua kweli ni ya wakulima wa Ilula, kule Iringa. Nyanya hazingoji, na soko la Dar linataka mzigo kabla hakujapambazuka. Kwa hao ningeruhusu fuso za mboga na matunda zipite kwa msafara, gari la askari wa hifadhi likitangulia. Kontena na shaba havinyauki. Vilale Mikumi mjini au Doma mpaka saa kumi na moja alfajiri. Na ile TAZARA ambayo China, Tanzania na Zambia zilitiliana saini Septemba 2024 kuifufua, ikibeba shaba, nusu ya ugomvi huu itakwisha.

Madereva mnaoipita kila wiki, semeni: lango lifungwe saa ngapi, na magari yote hayo yatalala wapi?