Mkate wa boga na asali umeungua juu na kubaki mbichi katikati: nimekosea wapi?

Mama wa Ipuli (Tabora)

Habari za jioni, ndugu zangu. Naomba msaada kuhusu mkate wa boga na asali, ambao nimeujaribu mara mbili ndani ya wiki hii na mara zote mbili umeniangusha kwa namna ile ile.

Binti yangu anasoma Marekani, na mwaka jana aliniandikia jinsi wenyeji wake wanavyouoka kuanzia Septemba hadi Novemba, majira ambayo majani ya miti yao hupukutika na mashamba yao hujaa maboga. Kamusi zetu huyaita majira hayo vuli, ingawa kwetu Tabora jina hilo halikai sawasawa, kwa kuwa mvua zetu ni za msimu mmoja, huanza mwishoni mwa mwaka na kukatika Aprili au Mei, na maboga huvunwa masika yakielekea kwisha. Kwa hiyo nilisubiri hadi Juni hii, maboga yakiwa yamekomaa na asali mpya imeanza kuingia mjini, nikaona huu ndio wakati wetu.

Vipimo alivyonitumia ni vikombe viwili vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha boga lililopondwa, kikombe kimoja cha sukari, mayai mawili, nusu kikombe cha mafuta, kijiko kimoja cha chai cha soda ya kuokea, chumvi kidogo na mdalasini. Sukari niliiacha, nikatia kikombe kizima cha asali. Boga nililichemsha kama la futari kisha nikaliponda. Soda sikuwa nayo, hivyo nikatumia magadi yale ninayotilia mlenda, nikiyaponda vizuri kwanza. Niliokea kwenye sufuria, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko, kama ninavyooka keki zangu siku zote.

Dakika ishirini na tano hazijatimia, harufu ya kuungua ikajaa jikoni. Juu mkate ulikuwa mweusi kama tako la chungu, na nilipoukata, katikati palikuwa na ujiuji uliong'ang'ania kisu, wenye ladha ya sabuni kwa mbali. Mara ya pili nilipunguza mkaa wa chini, lakini matokeo hayakubadilika. Mayai na asali ni vitu vya gharama, nami sitaki kujaribu mara ya tatu kwa kubahatisha. Mwenye ujuzi anielekeze, tafadhali.

Mwokaji wa Cheyo (Tabora)

Shikamoo, mama. Mimi huoka kwa mkaa kila siku, na maelezo yako yanatosha kabisa kuonyesha tatizo lilipo. Mikono yako haina kosa. Vipimo ulivyotumiwa viliandikwa kwa ajili ya boga kavu na sukari kavu, wewe ukatia boga lenye maji na sukari ya maji, halafu ukaweka moto ule ule.

Nianze na boga, kwa sababu hapo ndipo penye uzito. Boga bichi lina maji yapatayo sehemu tisa kwa kumi ya uzito wake, na ukilichemsha kwa kulizamisha kama la futari, hunywa mengine zaidi. Kule Marekani watu wengi hutumia boga la kopo, ambalo limepikwa na kukaushwa kiwandani hadi likawa zito kiasi kwamba ukilichota kwa kijiko halimwagiki. Kikombe chako na kikombe chao ni vitu viwili tofauti. Usilichemshe, bali lipike kwa mvuke: likate vipande vikubwa pamoja na ganda, vipange ganda likiwa chini, tia maji kiasi cha kulowesha tako la sufuria tu, na ufunike vizuri. Sisi tuko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na huku maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, hivyo usishangae likichukua muda mrefu kuliko ulioandikiwa. Likiiva, komba nyama yake, iweke katika kitambaa safi na uitundike kwa saa moja ichuruzike. Maji yake usiyamwage, kwani yanafaa sana kwa uji.

Baada ya hapo irudishe nyama hiyo kwenye sufuria pana, moto mdogo, bila mafuta, ukikoroga. Mwanzoni itachemka na kurukaruka, baadaye itatulia, rangi itakoza kutoka njano hadi kuelekea machungwa, na sauti yake itageuka kutoka kububujika na kuwa kama kunong'ona. Pitisha mwiko katikati hadi tako la sufuria lionekane. Njia hiyo ikijifunga mara moja, endelea kukoroga. Ikibaki wazi wakati unahesabu hadi tano, epua. Boga lililojaza vikombe viwili linaweza kubaki kikombe kimoja na kidogo, na hicho kikombe kimoja ndicho kinachotakiwa na vipimo vya binti yako.

Asali nayo ulizidisha bila kujua. Kikombe cha sukari kina uzito wa gramu 200 hivi, lakini kikombe cha asali kina gramu zipatazo 340, ambazo kati yake karibu 60 ni maji na zaidi ya 270 ni sukari yenyewe. Kwa hiyo mkate wako ulikuwa na utamu mwingi kuliko ule wa Marekani, na maji juu yake. Tumia theluthi mbili za kikombe, kwa kuwa boga lililokaushwa huleta utamu wake.

Magadi ya mlenda yaache kwenye mlenda, mama. Yale ni makali kuliko soda ya kuokea. Hulainisha mboga vizuri, lakini ndani ya unga huleta ile ladha ya sabuni na kuuharakisha mkate kuwa mweusi. Soda ya kuokea huuzwa madukani kwa jina la magadi soda, unga mweupe laini sana, nayo hupata kazi hapa kwa sababu asali ina uchachu wake, na vitu hivyo viwili vikikutana ndipo mapovu yanayoinua mkate hupatikana. Kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kinatosha, na ukishachanganya usikawie kuoka.

Kuhusu moto, wewe ulipunguza mkaa wa chini, wakati anayeunguza ni wa juu. Asali hubadilika rangi mapema kuliko sukari ya kawaida, ndiyo maana wenye oveni za umeme hushusha joto, kwa mfano kutoka nyuzi 175 hadi 160, na kuacha mkate ukae muda mrefu zaidi. Kwa sufuria, tandaza mchanga mkavu chini, weka chombo cha mkate juu yake, na kwenye mfuniko palia makaa machache yaliyokwisha kushika majivu, ukiyapanga pembeni na kuacha katikati wazi. Tazama baada ya dakika thelathini. Ukiona juu pamekoza, ondoa nusu ya makaa hayo na ufunike mkate kwa karatasi ya foili. Tegemea saa nzima au zaidi, na usiuepue mpaka kijiti ulichochoma katikati kitoke kikavu.

Mrina Asali (Sikonge)

Mama wa Ipuli, hujambo. Kijana wa Cheyo amesema vizuri, nami ninaongeza upande wa asali, maana nimerina tangu nikiwa mtoto nikimfuata baba porini.

Huku kwetu msimu mkubwa wa kurina huja masika yakishakatika, baada ya miti ya miombo, kama vile mtundu na muba, kuwa imetoa maua na nyuki wamejaza mizinga. Asali hiyo mpya ndiyo unayoiona mjini sasa. Wengi wetu bado tunatumia mizinga ya magome na ya magogo, na mrinaji asiye mwangalifu hupuliza moshi mwingi mno, au huchemsha masega ili yatoe haraka, na hapo asali hupata rangi nyeusi na ladha ya moshi. Asali ya namna hiyo si mbaya kwa kuoka, kwa sababu mdalasini na tangawizi huifunika. Ile iliyochujwa bila moto, yenye harufu ya maua, mimi ninaumia moyoni nikisikia imetiwa yote katika moto wa saa nzima, kwa kuwa harufu hiyo huondoka na mvuke. Tia ya kawaida ndani ya unga, kisha ile nzuri vijiko viwili uupake mkate ukiwa umeepuliwa na bado una joto. Utatambua tofauti kabla hujaula.

Asali yako ikiwa imeganda, usidhani imetiwa sukari. Kuganda ni tabia yake. Weka chupa ndani ya maji ya vuguvugu ambayo mkono wako unaweza kuyavumilia, uiache taratibu, wala usiiweke juu ya jiko. Na mtu asikudanganye kwamba kuwasha njiti ya kiberiti iliyochovywa katika asali kunathibitisha kuwa ni safi. Mwaka juzi nilinunua dumu moja kwa mtu nikiwa safarini, njiti yake iliwaka vizuri mbele ya macho yangu, na nyumbani nikakuta ni maji ya sukari yaliyopikwa yakawa mazito. Njiti huonyesha kwamba maji si mengi, basi. Nunua kwa mrinaji unayemjua, au uliza mahali ilipotoka na mwezi iliporinwa. Mwenye asali yake hashindwi kujibu.

Jambo la mwisho kwangu: asali ya nyuki wadogo wasiouma usiitumie kwa mkate huo. Ni nyepesi na chachu zaidi, na itakurudisha kwenye ujiuji ule ule.

Binti wa Ujiji (Kigoma)

Shikamooni wakubwa zangu. Ninaomba kuongeza juu ya kuchagua boga, kwa kuwa hata ukilikausha namna gani, boga changa halina utamu wa kukoza. Tazama kikonyo chake kiwe kimekauka na kuwa kigumu kama kijiti, jaribu ganda kwa ukucha na lisikubali kuingia, kisha lipime kwa mkono, kwa maana boga zuri huwa zito kuliko linavyoonekana. Nyumbani kwetu mama huyaacha wiki tatu au nne mahali pakavu penye hewa kabla ya kuyapika, na utamu wake huongezeka, kwa kuwa wanga uliomo hugeuka sukari taratibu. Baada ya kukata, onja kipande kidogo kibichi. Boga likiwa chungu litupwe, hata kama ulilinunua kwa bei kubwa, kwa sababu uchungu huo ni sumu inayoumiza tumbo wala haiondoki kwa kupika.

Mafuta ya alizeti yanafaa mkate huu. Mimi nilijaribu mawese, kwa kuwa ndiyo mafuta yetu huku, na rangi ilipendeza mno, lakini harufu yake iliifunika asali kabisa. Mawese ninayabakiza kwenye boga la kuungwa na maharage. Mbegu usizitupe: zioshe, zianike, zikaange bila mafuta hadi zianze kudunda, epua, kisha ndipo utie kijiko cha asali na chembe za chumvi. Zinyunyize juu ya mkate wakati unapoupaka asali ya mzee wetu wa Sikonge.

Na kama nyumbani kuna mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, tafadhali asipewe asali kwa namna yoyote, hata mkate huu asionjeshwe. Asali inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuvizuia, na moto wa kuokea hautoshi kuviua. Yeye mpondee boga tupu, lenye mafuta kidogo, na hilo linamjenga vizuri kwa vitamini A.

Mama wa Ipuli (Tabora)

Asanteni sana, wanangu, na shikamoo mzee wa Sikonge. Nilisubiri siku nne ili nirudi na majibu ya jikoni.

Boga lilinichukua karibu saa moja na nusu kulipika na kulikausha, na ni kweli, vikombe viwili na nusu vilibaki kimoja na robo. Nilipoonja nilishangaa, maana lilikuwa limefikia utamu wa kiazi kilichochomwa. Nilitia asali theluthi mbili ya kikombe, nikanunua magadi soda, na nikaongeza iliki tatu za kusaga ambazo hakuna aliyeniagiza. Makaa ya juu niliyapanga pembeni. Kwenye dakika ya arobaini nilifunika kwa foili, na kijiti kilitoka kikavu baada ya saa moja na dakika kumi. Rangi yake ni ya kahawia ya mninga uliopigwa msasa, na ndani una unyevu lakini haushiki kisu.

Kosa moja limebaki: niliukata ukiwa wa moto, ukapasuka pembeni. Mkate wa pili niliuacha hadi asubuhi, ukakatika vizuri, na ladha ya mdalasini ilikuwa imetulia kuliko jana yake. Mjukuu wangu ana miezi minane, hivyo nimempondea boga lake pembeni kama Binti wa Ujiji alivyoonya. Nusu ya mkate huo nimeifunga katika jani la mgomba, kwa kuwa shemeji yangu anapanda treni ya Kigoma kesho.

Mwokaji wa Cheyo (Tabora)

Hongera, mama. Mwambie asiufunge ndani ya mfuko wa plastiki njiani, kwa sababu asali huvuta unyevu na mkate utaota ukungu upesi. Jani la mgomba na kitambaa kikavu vitautunza siku tatu bila shida.