UZI WA MALALAMIKO: Acheni kuvunja viungo kwenye asembli za kazi za CNC, mnatuharibia mashine!

Spindo Kavu (mwanzisha uzi)

Wakuu, hili limevuka mpaka na leo nalisema wazi.

Asembli (faili la kompyuta linalokusanya kipande na vifaa vya kukishikia kwa ajili ya mashine ya CNC, yaani inayoongozwa na kompyuta) inakuja imepangwa vizuri: kipande kina faili lake, jiriwa (kibano cha mezani) lake, taya laini lake, vyote vimeingizwa kama komponenti (sehemu) zilizoungwa na mafaili yao, alama ya mnyororo inaonekana pembeni ya kila jina. Safi. Kisha mteja anabadilisha kipande. Alama ya njano inatokea kuonya kwamba komponenti imepitwa na toleo. Mtu badala ya kubofya Get Latest (leta toleo jipya) anabofya Break Link (vunja kiungo), kwa sababu tu ile alama inamkera. Alama inaondoka, ndiyo, lakini kipande cha toleo A kimeganda humo ndani, mchoro wa karatasi unasema toleo B, na mashine inakata A. Block la alumini linakwenda kwenye chuma chakavu na anayeitwa ofisini ni mwendeshaji, ambaye hata hiyo asembli hajawahi kuifungua.

Kwa wanaotumia Fusion (programu ya kuchora na kupanga uchongaji): kiungo kikishavunjwa na faili likahifadhiwa, hakuna kitufe cha kukirudisha. Unafuta kile kipande, unaingiza upya, na hapo jointi (maungio) zote zilizokishika zinakufa. Upande wa uchongaji ni msiba zaidi. Kila operesheni ilikuwa imechagua nyuso, kingo na matundu ya bodi (umbo la kipande) ya zamani, na bodi hiyo haipo tena. Setapu (mpangilio wa kazi moja mashineni) mbili zenye operesheni kumi na kitu zote zinawaka nyekundu, na unachagua uso mmoja mmoja kuanzia mwanzo. Siku nzima inaliwa na bofyo moja la uvivu.

Na msidhani kusasisha peke yake kunatosha! Tundu la skrubu ya M6 (mm 6) likibadilishwa kuwa M8, ukisasisha na kuzalisha upya mapito ya kikatio, operesheni inakubali bila kulalamika, lakini biti ya kutobolea bado ni ile ile ya 5.0 uliyoichagua wewe. Programu haijui kwamba sasa unataka 6.8. Inatoboa 5.0, kisha tepu (kikata nyuzi za skrubu) ya M8 inaingia kwenye tundu la 5.0 na kukatikia humo. Kila baada ya kusasisha, pitia orodha ya vikatio dhidi ya mchoro mpya. Kila mara.

Sasa hili la boksi la malighafi (block ghafi kama programu inavyolichora), maana ndilo linalovunja vitu vya bei. Kipande kina unene wa mm 20. Malighafi imewekwa kufuata kipande: nyongeza ya 1 juu na 4 chini, jumla 25. Sifuri, pale vipimo vyote vinapoanzia, iko juu ya boksi. Jiriwa inashika mm 3 za chini, kwa hiyo taya zinaishia mm 22 chini ya sifuri, na kikatio cha mzunguko wa nje kinashuka hadi 21. Kuna nafasi ya mm 1, maisha yanaendelea. Toleo B linaleta unene wa 22. Boksi linajivuta lenyewe hadi 27 na sifuri inapanda nalo. Kwenye kioo kila kitu kiko sawa, simulesheni (jaribio la kwenye kompyuta) haina doa, kwa sababu kompyuta inaamini kuna block la 27. Mezani kuna block lile lile la 25. Mwendeshaji anagusa juu yake, anaweka G54 (sifuri ya kazi mashineni), na kikatio kinashuka hadi 23. Hiyo ni mm 1 ndani ya taya ya chuma kigumu. Endimili, yaani kikatio chenyewe, imevunjika na taya ina kovu la kudumu.

Dawa ipo na si ngumu. Chora malighafi kama komponenti yake yenye kipimo halisi cha block lililokatwa, kisha kwenye setapu chagua malighafi kutoka bodi hiyo. Sifuri itoe kwenye kipande kabisa: Z juu ya paraleli (vyuma vya kulazia block ndani ya jiriwa), Y kwenye taya isiyotembea, X kwenye stopa (kizuizi cha pembeni). Hapo kipande kikikua, sifuri haisogei, na unaona kwa macho mm 1 ya kipande imetokeza nje ya block kabla hujawasha spindo. Mbona hamfanyi?

Taya Laini

Umesema kweli mkuu. Niongeze la SolidWorks, programu nyingine ya kuchora, maana huko viungo havivunjwi kwa makusudi, vinakufa kwa uzembe wa kunakili. Mtu anachukua faili la asembli peke yake, anaweka kwenye flashi, analeta karakana. Asembli haina vipande ndani yake, ina anwani tu za mahali vilipo. Ikifunguliwa kwenye kompyuta nyingine inalia kwamba faili halionekani. Tumieni Pack and Go, inakusanya kila kilichotajwa na asembli.

Baya zaidi ni majina. Programu ikitafuta kipande huangalia kwanza kati ya mafaili yaliyokwisha kufunguliwa. Kama kazi ya jana ina faili linaloitwa "bamba" na bado liko wazi, ukifungua kazi ya leo yenye "bamba" lake, itachukua la jana. Jiriwa linaonekana limeshika kitu kisichohusika kabisa. Wekeni namba ya kazi kwenye jina la kila faili, tafadhali sana.

Mchoraji Mwenza

Wachongaji nanyi msijitakase. Nani anafungua faili la kipande chetu na kuchora jiriwa humo humo? Kisha kwenye setapu hachagui bodi, anaacha wazi, programu inachukua vyote kuwa ni kipande, boksi la malighafi linameza jiriwa nzima. Na matundu mnayaziba kwenye faili letu ili kikatio kisizame, halafu tunapeleka kwa mteja kipande kisicho na matundu!

Spindo Kavu

Mkuu, hapo nakuunga mkono asilimia mia, anayefanya hivyo anakosea. Mahali pa kuziba matundu ni kwenye modeli ya uchongaji, inatokana na kipande na kukifuata kikibadilika, lakini marekebisho yake hayarudi kwenye faili la mchoraji. Na kwenye setapu, bodi ya kipande inachaguliwa kwa mkono, jiriwa na taya zinawekwa upande wa fikcha (vishikio). Usipoziweka huko, simulesheni haitakwambia kikatio kinazigonga.

Ila nanyi mtupe kitu kimoja: wekeni nukta ya jointi ndani ya faili la kipande, ikae kwenye bapa za asili (zile tatu za mwanzo wa faili zisizobadilika), si kwenye uso au ukingo. Sisi tukifunga kipande kwenye taya kwa kutumia ukingo wenye mviringo, ninyi mkaja kuufuta ule mviringo toleo linalofuata, jointi inakufa na kipande kinaelea hewani nje ya jiriwa.

Bi Kolleti

Mnaoleta STEP (faili la umbo tupu linalofunguka kwenye programu yoyote ya kuchora) kwa WhatsApp nanyi mmo. STEP haina kiungo chochote. Kila ikiletwa ni bodi mpya yenye nyuso mpya, na operesheni zote zinachaguliwa upya hata kama kilichobadilika ni chamfa (ukingo uliokatwa mshazari) moja. Mkilazimika kutuma STEP, basi semeni kilichobadilika: tundu lipi, kutoka kipimo gani kwenda kipi.

Taya Laini

Dada Kolleti, na toleo liandikwe hadi ndani ya programu ya mashine. Mstari wa juu kabisa uwe na maelezo ya jina la kipande, herufi ya toleo na namba ya hifadhi ya asembli. Mwendeshaji anausoma kwenye kioo cha kontrola (kompyuta ya mashine), anaulinganisha na karatasi iliyo mkononi. Zikitofautiana, haanzi.

Mchoraji Mwenza

Hilo la mstari wa juu nalikubali. Nukta za jointi nitaziweka kwenye kiolezo cha kipande kipya, ila mafaili ya zamani itabidi mtuambie yapi bado mnayachonga, tuanze na hayo.