Mguso wa mauti + kukanyaga: kwenu inahesabiwaje? Kwetu sheria ni sauti ya mwenye meza!

Wakuu, nimetoka kucheza Magic: The Gathering mahali ambapo sitapataja, na nina hasira mpaka usingizi umekata.

Ilikuwa mechi ya mwisho, ya kugombea pakiti ya karata. Mpinzani kabakiwa na uhai 4. Mimi mezani nina Colossal Dreadmaw, lile dinosau la 6/6 (pigo 6, uimara 6) ambalo kila mtu analicheka. Lina uwezo wa kukanyaga, yaani likizuiwa, pigo linalozidi uimara wa mzuiaji linampata mchezaji mwenyewe. Nikalivisha Basilisk Collar, inayompa kiumbe mguso wa mauti. Nikashambulia. Jamaa akazuia na viumbe wawili, 4/4 na 3/3, huku anatabasamu, kwa sababu keshapiga hesabu: uimara 7, pigo 6, hakuna kitakachopita.

Hiyo ni hesabu ya dinosau mtupu! Akiwa na mguso wa mauti, pointi 1 inatosha kuua hata kiumbe akiwa mkubwa kama nyumba, na sheria 702.2c ya kanuni rasmi za mchezo inasema wazi kwamba hiyo 1 inahesabika kuwa pigo la kuua wakati wa kugawa. Kwa hiyo 1 kwa huyu, 1 kwa yule, 4 zinapita. Jamaa ana 4. Mechi imeisha.

Mwenye meza, yaani msimamizi wa mchezo, akaja mbio: "Malizia uimara wote kwanza, ndipo zipite." Namwambia tusome sheria, iko kwenye simu hapa, ananijibu sheria zilibadilika 2024. Ni kweli zilibadilika! Ila kilichofutwa ni ule utaratibu wa kupanga wazuiaji kwenye foleni kabla ya kugawa mapigo. Mguso wa mauti haukuguswa. Zamu ikapita, nikapigwa raundi mbili baadaye, pakiti ikaenda.

Na si mara ya kwanza. Mwezi uliopita nilicheza Damnation, karata ya rangi nyeusi inayoua viumbe wote mezani. Rafiki wa mwenye meza akagoma kupeleka kiumbe wake White Knight kaburini, eti ana kinga dhidi ya nyeusi na Damnation ni nyeusi. Jamani, kinga haimaanishi "hafi". Inakataa mambo manne: mapigo kutoka kwa chenye rangi hiyo, kuvishwa kitu cha rangi hiyo, kuzuiwa na viumbe wa rangi hiyo, na kulengwa na rangi hiyo. Damnation hailengi mtu wala haipigi mtu, inafagia tu. Mwenye meza akaamua White Knight abaki. Wiki iliyofuata nikaja na White Knight wangu (ndiyo, kwa makusudi), mtu akacheza Damnation, na huyohuyo mwenye meza akaniambia peleka kaburini!

Hapo sijagusa wanaodai kiumbe asiyeangamizwa hafi hata uimara wake ukishushwa hadi 0. Nitaumwa kichwa bure.

Kiingilio tunalipa wote sawa. Jumamosi naenda na 702.2c nimeichapa kwenye karatasi, herufi kubwa, naibandika ukutani juu ya kiti chake. Na ile pakiti naitaka, ikiwa bado haijafunguliwa.

Wenye meza mliomo humu, nyie mnaamuaje ubishi wa aina hii?