Kadi ya sauti ya PCI haionekani kwenye kompyuta, mwenye draiva anisaidie (Mtwara)

Mwana Chikongola: Wakuu, habari za jioni. Nina kastudio kangu hapa Chikongola. Nimenunua kadi ya sauti iliyotumika, ile ya PCI (matundu ya zamani ya kuchomekea kadi) yenye mkia wa nyaya, inaingiza njia nane kwa mpigo. Deskitopu yangu ina matundu mapya ya PCI Express tu, kwa hiyo nikachukua na adapta. Nimefunga, Windows 10 haiioni kabisa, nahisi inataka draiva, ile programu ya kuitambulisha kadi. Jumamosi nina kikundi cha ngoma, advansi nimeshakula. Natanguliza shukrani.

Mla Ming'oko: Zima sauti ya ubaoni, ile iliyokuja na kompyuta, kwenye BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijawaka). Mimi ilinitesa wiki nzima nikiwa Nachingwea, nikazima, kesho yake nikamrekodi shemeji kaswida. Shemeji mwenyewe siku hizi hatuongei, ila hiyo ni habari nyingine.

Fundi wa Magomeni: Draiva isubiri. Fungua Device Manager, orodha ya vifaa ndani ya Windows. Kuna kitu chenye alama ya njano?

Mwana Chikongola: Hakuna, mkuu. Kama vile sijachomeka.

Fundi wa Magomeni: Basi si draiva. Kadi ikiwa hai, Windows huiona hata kama haiijui, itakuandikia kifaa kisichojulikana. Isipoona chochote, shuku umeme au mguso. Futa meno ya kadi kwa raba ya penseli, sisi watu wa pwani chumvi inatulia kila kitu. Na adapta umeipa umeme wake? Tundu la PCI Express linatoa volti 12 na 3.3 tu. PCI ya zamani inataka na 5, na hasi 12 juu yake. Ndiyo maana adapta hizo huja na kiplagi cha pembeni.

Mwana Chikongola: Nimefuta. Umeme nimeipa.

Korosho Standadi: Vijana nunueni ya USB, muachane na mambo ya 2005.

Mwana Chikongola: Ya USB ya njia nane labda niuze korosho zote za mzee. Hii nimeipata kwa laki na nusu.

Fundi wa Magomeni: Umeme umeipaje? Weka picha.

Mwana Chikongola: Kamera ya simu mbovu.

Mama Vinganga: Mwanangu, advansi ya watu unaila vipi mashine haijawaka? Enzi zetu fundi cherehani alikuwa hagusi hela mpaka umevaa nguo ukajitazama.

Mwana Chikongola: Shikamoo mama. Hela ndiyo iliyonunua adapta.

Fundi wa Magomeni: Kijana, mimi sikudai. Kile kiplagi cha pini nne kiliingia kwa ulaini?

Mwana Chikongola: Sawa, niseme. Kiligoma. Nikakigeuza, nikakisukuma na koleo, kikaingia. Nilipowasha kikatoa harufu kidogo, kama nywele zimeshika moto. Sekunde mbili tu, nikazima. Lakini kadi haina doa lolote, ndiyo maana nasema ni draiva.

Fundi wa Magomeni: Nnungu wangu! Kiplagi kile kina waya wa njano mwisho huu, mwekundu mwisho ule, katikati weusi wawili. Ukikigeuza, weusi wanabaki walipo, ila 12 inaingia njia ya 5. Draiva ya nini tena?

Mwana Chikongola: Kuna jamaa wa Masasi ana kadi kama hiyo, nimeshamtumia elfu hamsini. Ikija si naipachika kwenye adapta ileile?

Fundi wa Magomeni: Adapta ileile iliyopika ya kwanza?

Korosho Standadi: Hii chai, tena ya tangawizi. Kamera mbovu, lakini picha yake ya wasifu ya leo asubuhi, yuko ufukweni Shangani, inang'aa kuliko meno yangu. Anatafuta watu wamchangie huyu.

Mla Ming'oko: Kweli bwana! Nilishaanza kumwonea huruma.

Mama Vinganga: Nani kaombwa mchango hapa? Mwacheni mtoto.

Mwana Chikongola: Ile picha kapiga dada. Nimeazima simu yake, hii hapa adapta. Sijaomba hata mia ya mtu.

Fundi wa Magomeni: Naona kidude cheusi hapo konani kimepasuka tumbo. Adapta tupa. Kadi kaijaribu kwenye mashine ya zamani yenye PCI halisi, matumaini yawe madogo. Jumamosi una miksa?

Mwana Chikongola: Ninayo, ya njia sita. Ila ikitoka inatoka stirio, ngoma zote zimechanganyika.

Fundi wa Magomeni: Ipitishe kwenye tundu la bluu nyuma ya kompyuta, la kuingizia sauti. Sawazisha kabla ya kurekodi, maana baadaye huwezi kuzitenganisha.

Mla Ming'oko: Au arekodi ngoma moja moja, azipange.

Mama Vinganga: Wewe hujawahi kucheza sindimba. Mpiga vinganga, zile ngoma ndogo, anamtazama mchezaji kiuno na anamsikiliza mwenzake, ukimfungia chumbani peke yake atakupigia nini? Waweke pamoja uani, maikrofoni mbili, ngoma kubwa isogezwe nyuma. Na nguo zilizoanikwa uzitoe, zinapiga kelele kukiwa na upepo.

Mwana Chikongola: Ahsante mama. Fundi, nitafanya hivyo. Ila yule wa Masasi tangu saa nane hapokei simu.